Miaka Saba Boma la Itekele Linanyeshewa

Wenzangu mlioingia idara ya maendeleo ya jamii juzi juzi, mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi. Haya, naandika. Nimeshakabidhi ofisi, nimekabidhi pikipiki, nimekabidhi hata mwavuli wa idara uliovunjika mbavu mbili, na aliyeupokea akaandika kwenye hati kwamba ni mzima. Vyeo sitaviandika, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika zaidi habari ya jengo moja, kwa sababu tangu nistaafu najaribu kulala mchana kama wastaafu wengine, na jengo hilo ndilo linaloniamsha kwa hasira. Ofisi sitaitaja, wala wakubwa wangu. Kijiji nitakiita Itekele. Hilo si jina lake, lakini wenyewe wakisoma watajijua.

Niliripoti kazini Tukuyu siku ya mvua, jambo lisilosaidia kuitambua siku hiyo, maana Tukuyu hunyesha karibu mwaka mzima. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino. Mzee Ambakisye, afisa aliyekuwa amekaa idarani muda mrefu kuliko makabati yake, alinitazama miguuni kabla hajanitazama usoni.

"Unaitwa nani, binti?"

"Atuganile."

"Mtu wa hapa hapa, halafu unakuja na viatu hivyo," akasema. Akaingia stoo akatoka na mabuti ya mpira. Yalikuwa makubwa, nikayajazia magazeti. Meza nilikuja kupewa baada ya miezi mitatu. Mabuti nilipewa siku ile ile.

Kesho yake alinipeleka Nkunga kwenye mkutano wa kijiji. Nilibeba bango kitita na kalamu za rangi nne kama tulivyofundishwa chuoni. Kabla sijalifungua, bibi mmoja akauliza kwa Kinyakyusa huyu mtoto amekuja kuwapa nini. Mzee Ambakisye akamjibu, "Hajaja kutoa, amekuja kusikiliza." Kisha akaniambia kwa sauti ya chini nikunje karatasi zangu nikae. Nilikaa saa nne. Yeye aliandika kwenye kaunta buku kila walichosema, kwa maneno yao, bila kuyapiga pasi. Mwisho akasimama akawasomea yote, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, na palipokosewa wakamsahihisha.

"Ukiondoka na maneno ya watu bila kuwasomea, umeyaiba," aliniambia tukiwa njiani kurudi.

Kazi hii nilijifunza kwake zaidi kuliko chuoni. Alinifundisha nisiitishe mkutano siku ya kupima majani ya chai, kwa sababu nitahutubia kuku. Alinifundisha kwamba huko Kisondela ukiambiwa "ni hapo tu, ukishuka na kupanda," uulize ni kushuka mara ngapi. Na alinifundisha kutazama paa la nyumba ya mwenyekiti wa kijiji kabla ya kumuuliza habari za michango. Alistaafu, akafariki miaka michache baadaye, na kati ya waliokuja kumzika, wenye mabuti walikuwa wengi kuliko wenye viatu. Kaunta buku zake alikuwa ameziacha ofisini. Alipoingia mkuu mpya zilichomwa, ili kupata nafasi ya printa.

Sasa nije Itekele.

Kijiji kiko mteremkoni, katikati ya migomba, na barabara ya kufika ni ya udongo mwekundu. Wakati wa masika bodaboda wanaikataa hata kwa bei ya kuruka. Mgonjwa mahututi alikuwa anabebwa kwa machela hadi barabara kubwa, ndipo apate usafiri wa kwenda hospitali ya misheni kule Igogwe. Wengine walifika. Kwa hiyo nilipokwenda kufanya nao mpango wa kijiji sikushangaa waliposema wanataka zahanati. Nikawaeleza utaratibu ambao ninyi nyote mnaujua: wananchi wanajenga boma, yaani kuta mpaka usawa wa lenta, juu ya milango na madirisha, kisha halmashauri inapaua na kumalizia.

Mwenyekiti wao, Lusajo, alikuwa amefanya kazi kiwanda cha chai mpaka mapafu yakamkatalia. Mtu mpole, lakini haachi swali. Akasimama.

"Mama Afisa, hayo unasema wewe au inasema serikali?"

"Serikali inasema kupitia mimi," nikamjibu. Nilijisikia vizuri sana kulisema neno hilo. Naona aibu kuliandika.

"Basi andika jina lako kwenye muhtasari wetu, chini ya maneno hayo."

Nikaandika, na sahihi nikaweka.

Watu wale walijenga. Sijaona kijiji kikijenga namna ile, si kabla wala baada. Kila kaya ilitoa tofali za kuchoma. Wanaume walichimba msingi na kupasua mawe. Wanawake walibeba mchanga kutoka mtoni, kilima kizima, kichwani, na aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye sauti kubwa, anaitwa Subilaga. Huyu alikuwa anapita nyumba kwa nyumba asubuhi akigonga madirisha kwa kijiti. Mzee mmoja asiyeona alipewa kazi ya kuhesabu ndoo kwa kusikiliza zikimwagwa, na hakukosea. Kwa msimu mmoja boma likafika lenta. Lusajo akanipigia simu akicheka, akasema, "Sisi tayari. Leteni bati."

Nikapeleka taarifa ofisini. Mwaka ule nikaambiwa ukomo wa bajeti umepungua. Mwaka uliofuata nikaambiwa kuna vipaumbele vingine. Mwaka wa tatu nikaambiwa ramani imebadilika na boma lile halina chumba kinachotakiwa, ingawa ramani waliyojengea tuliwapa sisi wenyewe, ina mhuri. Kila mwaka mhandisi alikwenda kulikagua. Alipiga picha, akaandika kwamba boma lipo na halina paa, akarudi. Gari la kwenda kukagua kwamba bati hakuna halikukosa mafuta hata siku moja. Mwaka huo huo wa tatu ukumbi wetu wa mikutano ulibadilishiwa viti na mapazia. Yale ya zamani hayakuwa na tatizo lolote, nilikuwa nayaona kila Jumatatu.

Na mvua ya kwetu haisubiri kikao. Tofali za kuchoma zikinyeshewa mwaka baada ya mwaka bila paa zinaanza kumeguka kama mkate uliolowa. Nilikuwa nikienda naona udongo mwekundu umetiririka kutoka ukutani hadi kwenye majani. Wananchi walifunika juu ya kuta kwa majani ya migomba, wakaweka mawe. Upepo ukayatoa, wakaweka mengine.

Ilikuwa mwaka wa nne. Subilaga alikuwa na mimba. Uchungu ulimshika asubuhi, mvua ikinyesha, kabla ya siku zake. Mumewe alikuwa shambani kwa watu huko chini. Wanawake wakamtoa wakitaka kumfikisha barabarani, lakini walipofika karibu na boma akawa hawezi tena kutembea. Wakamwingiza mle, kwa sababu angalau kuta zilizuia upepo. Walikata majani ya migomba, sita kati yao wakayashika juu yake kwa mikono, wakasimama hivyo mpaka mtoto akatoka. Alikuwa wa kike. Alilia kidogo. Hapakuwa na mtu wa kumsaidia kupumua wala nguo iliyokuwa kavu. Hakufika saa sita mchana.

Mimi sikujua. Nilikwenda siku ya tatu yake kwa shughuli za vikundi, na bango kitita langu. Nilipoambiwa nikaenda nyumbani kwake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Nilimsalimia, "Ugonile, mama," na kisha sikujua niseme nini, nikasema pole.

"Ulituambia tutazalia pale," akasema. "Nimezalia pale."

Hakupandisha sauti. Nilitoka nje, nikasimama kwenye migomba yake, nikatapika. Mnaosoma mtasema afisa anatakiwa kujitenga kidogo na mambo ya watu. Mimi pia niliwahi kulisoma hilo kwenye kitini cha chuoni.

Niliporudi ofisini niliandika barua ya kurasa tatu. Mkuu wangu aliisoma, akasema ni ya kusikitisha sana, kisha akaniuliza kama naweza kuifupisha iwe aya moja, ikae kwenye safu ya "changamoto". Nikaifupisha. Hilo nalo naliandika hapa ili mjue kwamba hasira ninayoiandika hainiachi mimi nje. Mtoto wa Subilaga akawa aya moja, halafu kwenye taarifa ya robo iliyofuata akawa mstari: "Uhitaji wa huduma ya mama na mtoto bado ni mkubwa." Katika taarifa ya mwaka hakuwepo kabisa.

Tukaenda hivyo mpaka mwaka wa saba. Mimi nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Siku moja mkuu wa idara akaniita, kijana mwenye heshima zake, suti safi, na karatasi mezani.

"Dada Atuganile, naomba sahihi yako hapa, upande wa ushirikishwaji wa jamii."

Nikavaa miwani. Ilikuwa orodha ya miradi iliyokamilika. Ya sita kutoka juu imeandikwa: Zahanati ya Itekele, imekamilika, inatoa huduma.

"Imekamilishwa na nani?" nikauliza.

"Fedha zilitengwa mwaka jana."

"Zilitengwa. Zilikwenda?"

"Dada, taarifa inatakiwa kwenye baraza la madiwani wiki ijayo, na kuna wageni wanakuja kutoka juu. Tukiandika haijakamilika wataturudishia yote. Wewe weka sahihi, tutairekebisha robo ijayo."

"Nimekwenda pale mwezi uliopita. Kuna mbuzi amefungwa kwenye chumba cha kujifungulia."

Akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Umebakiza muda mfupi," akasema kwa upole kabisa. "Ukishastaafu, boma hilo litakuhusu nini?"

Sikusaini. Nilitoka na nakala ya karatasi ile. Haikuwa siri, ni taarifa ya umma, na ilikuwa inasambazwa kwa madiwani siku hiyo hiyo. Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka dereva alipokataa, nikamalizia kwa miguu. Lusajo akaitisha watu. Nikawasomea ule mstari, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa. Kisha nikausoma tena, maana walidhani nimekosea.

Hakuna aliyenizomea. Heri wangenizomea. Mzee yule asiyeona akauliza taratibu, "Kwa hiyo siku hizi tunatibiwa?"

Subilaga ndiye aliyesimama. "Hilo baraza linakaa wapi?"

Nikawaambia linapokaa, siku, na saa. Nikawaambia pia kwamba mkutano wa baraza ni wa wazi, mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia na kusikiliza, ila haruhusiwi kusema. Niliwaambia hayo tu. Baadaye niliandikiwa kwamba "nilichochea". Kama kumwambia mtu mlango uko wapi ni uchochezi, basi mabango yote yaliyoandikwa "Ingia" yakamatwe.

Siku ya baraza walifika wanawake kumi na mmoja na Lusajo. Walikuwa wameanza kutembea alfajiri. Pindo za kanga zilikuwa zimelowa na matope yamewafika magotini, na mlinzi alitaka kuwazuia wasichafue sakafu mpya. Lusajo akamwambia wako tayari kuvua viatu. Wakavua, wakaingia pekupeku, wakakaa benchi za nyuma, chini ya yale mapazia. Mimi nilikaa upande wa wataalamu. Sikugeuka kuwatazama.

Taarifa ikaanza kusomwa. Mkuu wangu ana sauti nzuri ya kusoma. Mradi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa sita akasema, "Zahanati ya Itekele, imekamilika, inatoa huduma."

Subilaga alicheka.

Nasema alicheka kwa sababu sina neno jingine, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Kilitoka mara moja, kikubwa, kama kitu kilichokuwa kimekwama kooni miaka mitatu. Yule wa pembeni yake akacheka naye. Halafu wote. Wanawake kumi na mmoja wanacheka ukumbini mpaka mmoja akainama akashika benchi la mbele, na mwingine machozi yanamtoka, na ukiwatazama huwezi kusema wanacheka au wanalia.

Mwenyekiti wa baraza akagonga meza. "Wageni, tafadhali! Wageni hawaruhusiwi kutoa sauti!"

Wakanyamaza. Hapo akasimama diwani wa kata yao, mzee ambaye kwa miaka yote niliyomjua alikuwa anasimama kuunga mkono hoja tu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema. "Hawa waliocheka ndio wanaotajwa hapo kwamba wanapata huduma. Mimi mwenyewe natoka kule. Nimenyamaza miaka saba na nimekosea. Kanuni zinakataa wao kusema. Basi naomba baraza liahirishwe, twende tukaitazame hiyo zahanati. Leo."

Mkuu wangu akasema barabara ni mbaya. Diwani akajibu, "Hawa wamekuja kwa miguu."

Tukaenda. Magari manne. La kwanza likakwama kabla ya daraja, na yaliyobaki yakakwama nyuma yake, kwa hiyo waheshimiwa walipanda kilima kile na viatu vyao vya ngozi, mvua ikiwanyeshea. Mbuzi alikuwepo. Ukuta wa upande wa magharibi ulikuwa umeanguka usiku uliopita au juzi yake, tofali zimelala kwenye majani marefu, nyingine zimesharudi kuwa udongo. Diwani mmoja mwanamke, wa kata nyingine kabisa, akaingia akapita chumba hadi chumba, akatoka, akamwuliza mkuu wangu mbele ya watu wote:

"Wagonjwa wanalala wapi?"

Wakati huo suti ya mkuu wangu ilikuwa imelowa mpaka mgongoni, nikamwonea huruma kidogo, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Ndiyo tabu ya kazi yetu: katika miaka yote nimekutana na watu wabaya wachache mno, na maboma yameanguka hata hivyo.

Wiki iliyofuata nilipata barua ya kujieleza kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuchochea wananchi. Nilijieleza kwa mistari miwili: kwamba niliwasomea wananchi taarifa inayowahusu, na kwamba ilikuwa ya uongo. Hatua hazikuchukuliwa, ila nilihamishiwa kwenye chumba cha majalada, ambako nilimalizia utumishi wangu nikipanga karatasi kwa alfabeti. Kulikuwa na joto zuri, nakiri.

Bati zilikuja bajeti iliyofuata. Zilikuwa zimewezekana siku zote. Lakini mnajua nani alijenga upya ukuta ulioanguka? Wale wale. Walichoma tofali mara ya pili, wakabeba mchanga mara ya pili, kwa sababu mkataba wa fundi ulikuwa wa kupaua na kumalizia, haukutaja ukuta. Hakuna hata mmoja ofisini aliyeona haya kuwaomba.

Siku ya uzinduzi nilikwenda kwa nauli yangu. Kulikuwa na turubai, vipaza sauti, na jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi, aliyekuwa anakanyaga Itekele kwa mara ya kwanza. Akawaambia wananchi waishukuru serikali yao kwa kuwaletea zahanati. Kuwaletea! Kana kwamba ilikuja imepakiwa kwenye lori. Watu wakapiga makofi, maana wana adabu. Lusajo alitajwa kama "mwenyekiti aliyetoa ushirikiano". Wanawake hawakutajwa.

Nikazunguka nyuma, kwenye moshi, ambako mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, ilikuwa inaandaliwa kwa ajili ya wageni. Subilaga alikuwa anakoroga chungu kikubwa kuliko yeye.

"Umefurahi?" nikamuuliza.

"Nimefurahi," akasema. "Mkwe wangu ana mimba ya miezi sita. Atazalia ndani, kuna kitanda, kuna nesi. Nimefurahi sana." Akakoroga kidogo. "Lakini ndaga hawatalisikia kwangu."

Ndaga kwetu ni asante. Kumnyima mtu neno hilo si jambo dogo. Nikamwambia wala mimi asinipe. Akasema hakuwa na mpango huo, akanipa mwiko nimsaidie.

Mwezi uliopita Tusajigwe, dada aliyechukua meza yangu, alinipigia simu. Kuna kijiji kinataka madarasa mawili, na ameambiwa akawahimize wananchi waanze kuchoma tofali, fedha za kupaua zitafuata.

"Fedha zipo?" nikamuuliza.

"Nimeangalia mwenyewe, mama. Hazipo, na mwaka huu haziji."

"Basi waambie hazipo."

"Watanizomea. Wamenisubiri tangu mwaka jana."

"Watakuzomea," nikamwambia. "Kaa hapo uzomewe mpaka wamalize. Usipande pikipiki kabla hawajamaliza."

Jana akapiga tena. Sauti ilikuwa imemkauka. Alikwenda, akasema ukweli, akazomewa saa nzima, na mama mmoja akamwambia arudi alikotoka na asirudi mikono mitupu. Kisha watu wakatawanyika kwenda mashambani kwao.

"Na tofali?" nikauliza.

"Hakuna aliyechoma hata moja, mama."

Nilikata simu, nikaenda kujaribu kulala mchana, na siku hiyo nililala mpaka jioni.